Vyombo vya Wageni

Nyumbani kwetu ukifungua kopo la aiskrimu unakuta maharage. Ukifungua la siagi unakuta vitunguu. Mama mkwe wangu hatupi kopo la plastiki hata umpigie magoti. Vyombo vya udongo anavyo, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, lakini hivyo ni vya wageni. Vimefungiwa kabatini na ufunguo hauachi.

Juzi kliniki muuguzi alitueleza kwamba plastiki ikikutana na chakula cha moto huweza kutoa kemikali, nazo zinaweza kuvuruga ukuaji wa mtoto. Binti yangu ndiyo kwanza ameanza kula, na uji wake bibi yake humimina ukitokota kwenye kopo la siagi.

Njia nzima nilipanga maneno. Ukigusa makopo ya mama mkwe umemgusa yeye, na ndiye anayekaa na mtoto nikiwa kwenye cherehani. Akinuna, nimekwisha. Nilifikiria kumtuma mume wangu, lakini yule mbele ya mama yake huwa kondoo.

Nilimkuta jikoni, kopo mkono mmoja, sufuria mkono wa pili. Maneno yote niliyopanga yakanikimbia.

"Mama, usimimine."

Nikamweleza yote. Alitua sufuria. Akaligeuza kopo, akapapasa ukingo wake uliojikunja kwa moto, kisha akanikabidhi na kuniambia nikawekee vifungo vya nguo. Nikasubiri kusemwa. Yeye akatoa ufunguo, akaenda kabatini.

Mtoto alikula kwenye bakuli jeupe, akaligonga kwa kijiko kama mwenye nyumba. Nilikuwa nafumba macho kila likilia. Mama mkwe alikuwa anacheka, nami woga ukanitoka, nikacheka naye. Tulipomaliza akaandaa meza nzima kwa vile vile vyeupe.

Mume wangu aliporudi na kuona vile vyombo, alirudi nje mbio kuchomekea shati. Akaingia tena kwa adabu, akaninong'oneza akitaka kujua mgeni ni nani na amekaa wapi.

Mama yake alimsikia. Akamwonyesha mtoto, aliyekuwa na uji mpaka kwenye nyusi.

"Huyo hapo. Miaka yote namtunzia vyombo, kumbe nilikuwa sijamjua."