Swali la Mtoto wa Armelia

Jumanne, tarehe 9 Februari 1886, saa nne asubuhi, mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa Armelia aliuliza baba yake ni nani. Sauti ilikuwa wazi, kama ya mtu aliye chumba cha pili. Mkunga, Dorthea Ipsen, alikuwa akinawa mikono. Alimaliza kunawa, akaifuta, kisha akafunga dirisha.

"Atasikika mpaka barabarani," alisema.

"Mwambie huyo mtoto ajifunze kusema hajui," alisema Hulda, mwenye nyumba. "Si ndivyo tunavyowafundisha wenzake?"

Ilikuwa kweli. Katika kijiji cha Gideoni, kusini mwa Utah, watoto wa Watakatifu, kama Wamormoni walivyojiita, walifundishwa neno hilo kabla ya kufundishwa sala. Askari wa serikali walikuwa wakiwakamata wanaume wenye wake zaidi ya mmoja, na walianza kwa kuwahoji watoto. Jina lako nani? Sijui. Baba yako? Sijui. Wake wa siri walihamishwa tumbo lilipoanza kuonekana. Armelia, mwenye umri wa miaka kumi na saba, alikuwa amefichwa kwa Hulda tangu Novemba, akiitwa mpwa wake.

Dorthea alikuwa amezalisha watoto mia tatu na kumi na wawili bila kuuliza baba wa hata mmoja. Siku Askofu Alma Tuckett alipomwekea mikono kichwani na kumweka wakfu kwa kazi ya ukunga, alimwonya kwamba hakuna atakayeweza kumwapisha ataje jina ambalo hajalisikia.

Kufikia saa saba kichwa kilikuwa kimeonekana mara tatu, na mara tatu kilirudi ndani. Kila kiliporudi, swali liliulizwa tena. Damu ilikuwa imepenya godoro la maganda ya mahindi.

"Mjibu, mwanangu," Dorthea alimwambia Armelia. "Mnong'oneze. Sisi tutatoka nje."

"Niliapa, Dada Ipsen. Aliniapisha mbele za Mungu. Nikisema nitapotea milele."

"Usiposema utapotea leo."

Armelia aligeukia ukuta.

Dorthea alikwenda kwa Askofu kumwomba amfungulie mzazi kiapo. Alimkuta akitengeneza lango la mfereji. Alimweleza kwamba kuna msichana anavuja damu, na mtoto anadai jina la baba. Hakutaja nyumba wala mzazi. Askofu, mwenye miaka sitini na mmoja, hakuuliza.

"Armelia asiseme kitu," alisema. "Wewe mwambie huyo mtoto ni Thomas Neaf. Alikufa Julai. Maiti hafungwi."

Ndipo Dorthea alipojua. Alirudi upesi, akiitazama barabara ya kaskazini ambako askari hutokea. Aliinama karibu na tumbo, akataja jina alilopewa.

"Thomas yuko huku," mtoto alisema. "Nimemuuliza. Anasema si yeye."

"Huyo tangu zamani hasaidii mtu," alinung'unika Hulda.

Midomo ya Armelia ilikuwa imepauka. Dorthea aliwaogopa askari, alimwogopa Askofu, na aliogopa zaidi kwamba msichana alikuwa ameacha kulia. Alisema, "Baba yako ni Alma Tuckett."

Mtoto wa kike alizaliwa saa tisa na dakika ishirini. Alilia kama watoto wote na hakuuliza tena. Dorthea alishughulika kuzuia damu, na Hulda akafunga kitovu. Armelia aliishi.

Askari walifika Jumatatu, tarehe 22. Walikuwa wamesikia kuna mtoto. Walimpeleka Dorthea mjini mbele ya hakimu, wakamwekea Biblia chini ya mkono, wakamuuliza baba ni nani. Kwa miaka kumi na mmoja ya ukunga wake angeweza kuapa kwamba hajui, na isingekuwa uongo. Sasa alinyamaza. Hakimu alimfunga kwa kudharau mahakama mpaka atakapojibu.

Alhamisi ya kwanza ya Machi, siku ya mfungo, wanaume sita walisimama duara kanisani, wakamshika mtoto ili abarikiwe na kupewa jina. Hulda alimwandikia Dorthea gerezani kwamba aliyetamka baraka alikuwa Askofu mwenyewe. Alimwita mtoto Ruth, binti wa marehemu Thomas Neaf, na mkutano wote, Armelia akiwemo, ukaitikia Amina.