Baiskeli ya Zambarau

"Kaa juu yake," Faustin alisema.

Wivine alidhani hakusikia vizuri. Duka lilikuwa limejaa, na duka la Lubumbashi Jumamosi mnalijua: mwenye kununua ni mmoja, wenye kutoa shauri ni ukumbi mzima. Alimtazama mume wake, kisha akaitazama baiskeli ya umeme aliyoishika usukani. Ya zambarau. Chuma chake cha katikati kimeinama mpaka karibu na ardhi, na mbele kikapu chenye maua ya plastiki.

"Miye? Nikae kufanya nini, Baba Joëlle? Mwenye kupanda ni weye."

"Kaa tu, nione."

"Bantu beko natuangalia."

"Baangalie. Kuangalia ni bure."

Akakaa, akivuta kitenge chake juu ya magoti. Nyayo zake zote mbili zikatua sakafuni. Faustin aliinama akavitazama visigino vyake kwa makini, kama fundi anayepima mlango, akatikisa kichwa kukubali. Alipotaka kuinuka ilimbidi ashike meza, na duka lote likamngoja apate pumzi.

Ni hiyo pumzi iliyowaleta mjini. Tangu waoane, Faustin alikuwa akimbeba Wivine kwa baiskeli alfajiri, kutoka kwao Kasungami, ukingoni mwa mji, mpaka sokoni, mke amekaa upande nyuma, mafungu ya mboga za lengalenga na matembele yamemzunguka mpaka miguu haionekani. Watu wa njiani waliwasikia kabla hawajawaona, maana Wivine alimsimulia habari za mtaa njia nzima, nani kafukuzwa, nani karudiana na nani, na Faustin alicheka bila kuacha kukanyaga. Halafu baridi ya mwaka huu moyo wake ukaanza kumgomea. Kilima kidogo tu, anashuka, anasukuma, anakaa kando ya njia na kujifanya anafunga kiatu. Alikwenda kwa daktari peke yake, akarudi na neno moja: asikanyage milima tena. Binti yao Joëlle, aliyeolewa kule Kilwa ya kando ya ziwa na anayeuza samaki, akatuma pesa. "Mununulie papa kinga ya courant," alisema kwenye simu, yaani baiskeli ya umeme. "Yenyewe itakanyaga."

"Papa, achana na ile, ile ni ya bamama," alisema Fils, mwenye duka, mtu mnene mwenye mdomo mtamu. Akaisukuma mbele nyingine, nyeusi, ndefu. "Hii njo kinga ya muntu kama weye. Ona porte-bagages ya huku nyuma! Utabeba mama, utabeba mboga ya sombe, utabeba ata mbuzi. Mulima itakuwa kama sakafu."

Wivine aliipenda palepale. Baiskeli ilikuwa na kifua. Alishajiona nyuma yake, akiwapungia wale mama wa soko wanaojidai kwa sababu waume zao wana pikipiki.

"Betri yake inatoka?" Faustin aliuliza.

"Inatoka." Fils aliivuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Na ya hii?"

Ya zambarau ilichomoka kwa mkono mmoja. Faustin aliichukua akamkabidhi mke wake. "Iko nzito?"

"Apana."

"Unaweza kuiingiza mu nyumba, kuichaji?"

"Naweza, lakini weye njo..."

"Na courant ikikatika?" Alishamgeukia Fils. "Sisi kule inakatikaka. Betri ikikufa mu njia, muntu anakanyaga?"

Fils alikuna kidevu. Alikuwa mfanyabiashara, lakini alikuwa na aibu. Alikiri kwamba ile nyeusi betri ikiisha ni kama kusukuma gari bovu. Ya zambarau ni nyepesi, hata mama mwenye mimba anaikanyaga.

Mama mmoja aliyekuja kununua kufuli akashindwa kujizuia. "Eeh, papa! Na ile maua? Bantu batakuita bibi arusi!"

Duka likacheka. Faustin naye akacheka, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. Wivine peke yake hakucheka. Aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Baba Joëlle, bantu batanicheka. Ile ni kinga ya mwanamuke."

"Njo vile," Faustin alisema. Kisha kwa Fils: "Tunachukua hii."

Njia ya kurudi, baiskeli ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki ya mizigo, Wivine hakusema neno. Na mke anayesimulia habari za mtaa njia nzima akinyamaza, hiyo kelele yake utaisikia mpaka Mitwaba.

Pale nyumbani habari ilikuwa imewatangulia. Kabla ya kamba kufunguliwa ua ulishajaa, na Wivine, hasira au si hasira, hajawahi kuona watu uani kwake asiwachemshie chai. Régine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikwisha kukaa juu ya baiskeli na kupiga kengele mara zisizohesabika. Halafu akaingia Djo.

Djo ni mdogo wake Faustin, yule wa mwisho, mtu anayejua vitu vilivyomo katika nyumba za ndugu zake kuliko wenye nyumba. Aliizunguka baiskeli, akagusa maua kwa kidole kimoja, akajipiga paja.

"Yaya, kaka yangu! Ni nini hii? Ungechukua nyeusi! Ile nyeusi ata miye ningeipenda."

"Na hii hauipende?"

"Hii? Mi nikipita na hii mu quartier mbele ya bajirani, ata bambwa batanicheka."

"Na bibi yako, mama wa batoto bako?" Faustin aliuliza, polepole, amekaa kwenye kiti chake cha plastiki.

"Bibi yangu anaogopa kinga kama nyoka."

"Kwa hiyo ata nikikupa?"

"Ata unipe bure, yaya! Sipande!"

"Sema tena, Djo. Ba nyuma habakusikia."

Djo anapenda sana kusikilizwa. Alipanda juu ya tofali, akatandaza mikono kama mhubiri. "Bantu yote musikie! Ile kinga ya yaya, ata ikibakia peke yake mu dunia, miye Djo siitake! Ni ya mama Joëlle na maua yake!"

Ua ukalipuka kwa kicheko. Régine alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Na Wivine, amesimama mlangoni, akaiweka chini sinia ya vikombe.

Aliukumbuka msiba wa Ngosa, kaka mkubwa wa Faustin na Djo. Watu walikuwa hawajamaliza kunawa udongo wa makaburini ndugu walipoingia ndani. Vitu vya ndugu yetu, walisema, na ndivyo inavyosemwa katika kila kilio. Wakatoa godoro, wakatoa radio, wakatoa cherehani iliyokuwa inamlisha mjane wake, Syntiche. Djo ndiye aliyeibeba kichwani. Syntiche alikaa mkekani akaifuata kwa macho mpaka ikapinda kona, na hakuna aliyesema kitu, maana nani atasema nini. Sasa Syntiche anaponda mawe huko njia ya Kasumbalesa.

Wivine aliyapeleka macho kwa Faustin. Faustin alikuwa akimtazama tayari, kwa uso wa mtu aliyekutwa na siri.

Wivine alimngoja mgeni wa mwisho atoke. Hata Régine, ambaye hutoka wa mwisho siku zote, alimtazama mara moja akajiondokea bila kuaga.

"Daktari alikuambia nini?"

"Nisipande mulima."

"Baba Joëlle."

Faustin alikizungusha kikanyagio cha baiskeli kwa kidole, kikaenda, kikarudi. "Nilimuuliza kama nilime shamba ya huu mwaka. Akaangalia chini. Akaniuliza kama niko na batoto bakubwa."

Kuku walikuwa wakigombania makombo ya mkate pale walipokuwa wamekaa watu.

"Ungeniambia lini?"

"Ukishajua kupanda."

"Sitaki kujua kupanda."

"Najua."

"Sitaki ile kinga. Irudishe. Rudisha na maua yake!"

"Mama Joëlle," alisema, kwa sauti ile ya kubembeleza aliyoitumia zamani alipokuja kumposa na hakuwa na kitu. "Nani atakupeleka sokoni?"

Wivine alipiga magoti pale chini, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mume wake, na mikono ya Faustin ikaanza kufungua kitambaa chake cha kichwa taratibu, kama mtu mwenye muda mwingi.

Kesho yake baada ya misa walitoka barabarani. Faustin alikalia kiti ukingoni, kwa sababu kusimama kulimshinda, na akafundisha kwa sauti. Wanawake wa mtaa walijipanga kama kwenye mpira.

"Mama Joëlle, angalia mbuzi ya bantu!"

"Régine, funga kinywa, utapanda weye!"

Mara ya kwanza aliingia katika mihogo. Mara ya pili pia, mihogo ileile. Akacheka, akalia, akajipangusa, akapanda tena. Sasa Faustin akainuka. Akaja mpaka kwake, akaweka kiganja mgongoni kwake.

"Usiangalie gurudumu. Angalia mbali. Mbali kabisa."

Wivine akabana kishikio kidogo cha umeme pale usukanini. Kiganja kikaenda naye hatua chache, kikabaki nyuma.

Baiskeli haikuwa na sauti hata kidogo. Kwa hiyo alisikia kila kitu: vigelegele vya Régine, mtu akipiga sufuria, watu wakiliita jina lake, na juu ya yote sauti ya Faustin, "Mbali! Mbali!", kisha kikohozi chake, kisha upepo tu masikioni. Faustin alikuwa amemfundisha kuanza. Alikuwa amemfundisha kusimama. Kugeuka, walikubaliana, watajifunza siku nyingine.

Vidole vyake vilikuwa juu ya breki. Barabara nyekundu ilinyooka, ikapita nyumba za mwisho, ikapita shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na Wivine akaenda.