Babu Yake Waziri

Kobe aliitwa Waziri kwa sababu moja tu: ukimuuliza swali, anaingiza kichwa ndani.

Jina hilo alipewa na mke wa fundi, mama aliyesomea mpaka udaktari wa visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka jiwe. Kila asubuhi mama huyo alikuwa anafungua redio, anamwekea kobe majani ya kabichi sakafuni, kisha anaanza kumhoji. "Haya Waziri, wamesema maji yatatoka mwezi huu. Mwezi upi?" Kichwa ndani. Mama anacheka mpaka chai inampalia. Paka naye aliitwa Upinzani, maana alikesha akipiga kelele, na kukipambazuka analala kwenye kochi.

"Na wewe daktari gani?" fundi alikuwa akimchokoza. "Wagonjwa wako wote walishakufa."

"Ndiyo maana hakuna anayelalamika. Lete kikombe."

Fundi kazi yake kupiga dari za jipsamu, na shule aliiacha darasa la nne. Walikutana dukani, wote wawili wakigombea mfuko wa mwisho wa jipsamu. Alimuuliza, "Dada, unapiga dari wapi?" Akajibiwa, "Sipigi dari, kaka yangu. Nina kiboko nataka kumfunga plasta." Fundi akadhani dada wa watu akili zimemruka. Kumbe ndivyo kazi yao ilivyo: kisukuku hakibebwi kikiwa uchi. Kinavikwa vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye jipsamu, kinakauka kama plasta ya mguu uliovunjika, halafu kinafunguliwa polepole maabara.

Safari yao ya mwisho porini, fundi alikwenda kumkorogea jipsamu. Magunia yakaisha kazi ikiwa nusu. Mama hakuuliza mtu. Alichukua ovaroli ya bluu ya mumewe iliyokuwa imeanikwa, akaitia mkasi.

"Mke wangu, ovaroli yangu hiyo!"

"Nyamaza, Fundi. Humu mna kobe mkubwa kama beseni la kufulia. Babu yake Waziri huyu. Siku ya kumfungua tunakwenda watatu, mimi, wewe na Waziri. Lazima mjukuu amwone babu."

Alilainisha plasta kwa kiganja. Fundi akamkemea, mwiko wa kulainishia upo, mbona anaacha alama kama mtoto? "Ziache zikae," alisema. "Wenzangu wa miaka ya mbele huko nao wapate cha kuchimbua."

Waliporudi, mama kifua kikambana. Hospitalini mashine ya kusaidia kupumua ilikuwepo, tena mpya, fundi aliiona kwa macho yake pale kwenye korido. Imefungwa utepe mwekundu. Haijazinduliwa, nesi alisema, akiangalia chini. Mgeni rasmi ameahirisha. Fundi alipiga magoti mbele ya nesi, mbele ya daktari, mbele ya bwana mmoja mwenye tai ambaye hata hakumjua. Utepe haukukatwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hakuja, na mwenyeji hakupona.

Tangu hapo redio ilinyamaza. Fundi alibaki na kobe, paka, na haja moja tu duniani: kuwepo siku lile bonge la plasta, la bluu na nyeupe, linafunguliwa. Lilikuwa stoo ya jumba la makumbusho, likingoja. Msaidizi wa maabara, binti ambaye mama alimlea kikazi, alipopiga simu kusema "Shemeji, njoo kesho, nimepewa ruhusa, tunalifungua," fundi alikata simu bila kuaga, akaenda kukaa bafuni.

Asubuhi alinyoa ndevu. Alimweka Waziri kwenye karai lililotandikwa kitambaa chenye unyevu, akaenda naye.

"Mzee, kobe anaingia bure?" mlinzi wa getini alimtania.

"Huyu ni Waziri. Umewahi kuona waziri akakata tiketi?"

Mlinzi alicheka, na fundi mwenyewe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko hicho kilimfikisha mlangoni mwa stoo. Kikafia hapo.

Stoo ilikuwa tupu, kuta zinanukia rangi mpya, kochi la ngozi katikati. Binti alikuwa amekaa sakafuni, macho yamevimba.

"Shemeji, sikujua. Nimefika sasa hivi nikakuta hivi."

Jumba lilikuwa linapambwa kwa ajili ya mgeni rasmi, na mkurugenzi aliamuru stoo iwe chumba chake cha kupumzikia. Kusema stoo isafishwe alisema. Kushuka ngazi kuangalia kilichomo hakushuka. Vibarua wa mkandarasi walikuta mabonge meupe ya jipsamu. Fundi hakuweza kuwalaumu. Hata yeye, angeyakuta kwenye nyumba ya mtu, angesema mabaki ya dari. Waliyapiga nyundo, wakayamwaga nje yawe kifusi cha kujazia jukwaa la sherehe.

Fundi alitoka na karai lake mpaka kwenye jukwaa. Gari la zege lilikuwa linazunguka tayari. Aliweka karai chini, akaingia kwenye kifusi kwa mikono.

"Mzee wangu, tunasikitika sana," mkurugenzi alisema akiwa pembeni, viatu vyake mbali na vumbi. "Ni makosa ya kibinadamu."

"Binadamu gani? Mtaje."

Mkurugenzi akaingiza kichwa kwenye simu.

Binti naye akashuka kifusini. Alipata vipande vya gamba, vidogo kama vigae vya kikombe, akavitia kwenye sketi yake huku analia kwa sauti. Fundi hakuvitazama. Alikuwa anatafuta bluu. Akaipata: pindo la ovaroli, limeganda kwenye jipsamu, na juu yake alama ya sehemu ya chini ya kiganja na ya kidole kidogo. Vidole vingine vilikuwa vimevunjika. Alilitia karaini, akarudi kuchimba. Mlinzi, yule yule wa utani, alimshika mabega taratibu. "Twende baba. Wanamwaga." Wakamwaga.

Siku ya sherehe ilipowadia, fundi alifungua redio. Mtangazaji alisema mgeni rasmi hakuweza kufika kutokana na majukumu mengine, na sherehe imeahirishwa.

"Umesikia, Waziri?"

Waziri alikuwa ametoa kichwa, anatafuna kabichi. Pale sakafuni fundi alikuwa ameweka kile kipande cha pindo, na kobe akakisogelea, akakinusa, akakipita kama jiwe lolote.

"Huyo ndiye aliyekuwa anakuhoji," fundi alimwambia. Akaweka kidole chake kwenye ile alama ya kidole kidogo. Hakikuingia, mkono wake ulikuwa mnene mno.