Chanzo cha Sifa za Mzee Opiyo

Mushagalusa alitoka Bukavu kuja Kisumu kusomea magonjwa ya samaki, na sasa samaki walikuwa karibu kumla yeye. Kulikuwa na makala moja ya jarida ambayo walimu wake walisema asipoisoma, Jumatatu asije mbele yao. Asipokuja, ufadhili umekwisha, arudi kwao. Mtandaoni makala ilikuwa imefungwa. Maktaba ya chuo ilikuwa na njia ya kuifungua, na njia yenyewe aliijua Robinson, mkutubi wa wanafunzi wa kigeni.

Robinson naye alikuwa Kombewa, anamzika baba yake. Mushagalusa akamfuata huko, kompyuta begani kama jembe.

Wa kwanza kumwona langoni alikuwa Dorca, mjane, mke mdogo wa marehemu.

"Nyathina, mwanangu, umekuja kulia au kula?"

"Pole sana, Mama. Mimi ni mwanafunzi kutoka Bukavu, namtafuta Bwana Robinson. Ni makala tu, anitumie kwa simu."

"Makala! Maiti iko hapa, wewe unataka makala?" Akamshika mkono. "Sikia. Mtu aliyefiwa haombwi kitu hivi hivi. Simama kwanza umsifu baba yake. Atakutumia maktaba nzima."

Dorca alikuwa na shida yake. Tangu asubuhi hakuna aliyemsifu Mzee Opiyo. Hata mchungaji alisifu hali ya hewa. Kombewa yote inajua Mzee alimfukuza mke wake wa kwanza mvua ikinyesha, na mtoto mgongoni, wakalala sokoni. Mtoto mwenyewe ndiye Robinson. Leo alikuja kwa sababu kifungua mimba asipotupa udongo wa kwanza, watu watasema.

Mgeni wa kutoka nje hanyimwi kipaza sauti. Mushagalusa akakishika kwa mikono miwili.

"Mzee Opiyo alikuwa baba wa kweli! Yeye akiwa hai, mtoto wake hakulala nje!"

Hema zima likageuka kumtazama Robinson. Mama mmoja akaficha kicheko ndani ya leso. Dorca akafumba macho kama anayelamba asali.

Robinson akamwita kando, simu mkononi.

"Makala yako ni hii?"

"Ndiyo, Bwana! Mungu akubariki!"

"Nimeifungua tangu asubuhi. Nilibakisha kutuma." Hakutuma. "Maktabani nilikufundisha nini? Ukisema jambo?"

"Nitaje chanzo."

"Haya. Mtoto wake hakulala nje. Chanzo?"

Mushagalusa akamnyoshea kidole Dorca, aliyekuwa amewafuata. "Ni Mama yule. Yeye ndiye aliniambia nimsifu."

"Mimi?" Dorca akashika kifua. "Huyu hata simjui. Nilidhani umemleta wewe."

Robinson akaifuta makala, akatia simu mfukoni, akaelekea kaburini.

"Bwana Robinson, Jumatatu..."

"Jumatatu nina matanga ya baba wa kweli."

Dorca akamletea kijana sahani, paja zima la kuku.

"Kula, mwanangu. Bukavu ni mbali."