Swali la Sita

Mwaka wa tisa huu nazunguka jikoni kwa watu. Kuna wanaopima ardhi na wanaopima damu. Mimi napima moto. Naingia, nasalimia, nauliza mnapikia nini, mnapika mara ngapi, watoto wanaogea maji ya moto au ya baridi, kisha napiga picha ya jiko na kushika njia. Ikifika jioni, nyayo zangu zinawaka kuliko majiko yote niliyoyaona mchana kutwa.

Shirika letu ni dogo, watu wanne na printa inayokwama. Tumo ndani ya kitu kinachoitwa Muungano wa Nishati ya Nyumbani, pamoja na kampuni ya gesi, halmashauri na zahanati. Kampuni inatoa mitungi na majiko, halmashauri inatoa vibali, zahanati inatoa majina ya wanaokohoa, na sisi tunatoa miguu. Kampeni yetu ina bango zuri sana: mama anacheka mbele ya moto wa buluu. Miaka tisa namtafuta mama yule, sijamwona.

Mwenyekiti wa Muungano ni mhandisi wa kampuni ya gesi, mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini. Kwa siri tunamwita Bwana Asilimia, maana hata habari za wanawe hawezi kukupa bila kuzigawa kwa mia. Si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu Jumatatu ile nilimchukia.

Tulikuwa kwenye kikao cha kufunga orodha. Akaweka ukutani picha ya jedwali, akaelekeza kalamu kwenye mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha mbao.

"Nyumba tisa," akasema. "Swali la sita: mkaguzi alipofika, je, jiko lilikuwa linawaka? Majibu ndiyo, tisa. Asilimia mia, yaani kila nyumba ina nishati. Napendekeza mtaa huu tuutoe, mitungi iende penye shida."

Nikasema mtaa ule nina hakika una shida.

"Takwimu ni zako, dada. Mwandiko ni wako."

Kweli ulikuwa wangu. Wiki mbili nyuma nilizipita nyumba zile tisa kwa siku moja, na kila nilipoingia nilikuta jiko la gesi linawaka na birika juu yake. Nilikunywa chai tisa. Kila nyumba niliandika ndiyo. Nyumba ya tisa ni ya mama mkubwa, dada wa mama yangu mzazi, aliyenichukua mama alipofariki nikiwa sijaanza hata kuota meno ya pili. Muungano unalijua hilo, nilishalitamka kwenye kikao. Ndiyo maana kwake niliandika nilichokiona bila kuuliza zaidi, ili asije mtu akasema nambeba. Nilikuwa najiona mtu wa haki kwelikweli.

Lakini mama mkubwa amekula chumvi nyingi, na kifua chake kimechoka kuliko mimi. Anapikia vumbi la mbao kutoka kiwandani, na moshi wake unakaa ndani kama mpangaji. Mkaa ninaompelekea kila mwisho wa mwezi anaugawa kwa majirani kabla sijafika kituoni. Daktari wa zahanati aliniambia wazi kwamba moshi huu ukiendelea mwaka mwingine, yeye hatakuwa na la kufanya. Mtungi wa Muungano ndio ulikuwa tumaini langu, na orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa.

"Nipe siku chache," nikamwambia Bwana Asilimia.

"Alhamisi. Ila niletee ushahidi, usiniletee huruma."

Nikarudi ofisini nikiwa sina hamu hata ya kuvua viatu. Nikazichapa picha zangu tisa, printa ikakwama mara tatu, nikazipanga mezani. Niliziangalia kwa muda mrefu kwa jicho la mtu aliyechoka, yaani bila kuona kitu. Kisha nikaona. Kwenye picha ya kwanza, mkono wa mtungi ulikuwa umefungwa kipande cha kitambaa cha maua ya njano. Kwenye picha ya pili, maua ya njano. Ya tatu, ya nne, hadi ya tisa. Na ubavuni, mtungi ulikuwa umebonyea mahali palepale.

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu kicheko kikaniishia.

Mchana huohuo nilikwenda mtaani. Nyumba ya kwanza ni ya fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi, anayeshona barazani. Nikamwonyesha picha. Akazitazama, akakata uzi kwa meno.

"Sasa umegundua leo?" akasema. "Na macho yote hayo?"

"Mtungi ni wako?"

"Wa nani mwingine? Barua yenu ililetwa siku tatu kabla. Mgeni atapita kila nyumba. Tukakaa tukapanga. Wewe ukiaga mlango wa mbele, mtungi na jiko vinatoka mlango wa nyuma, vinapanda toroli, vinakutangulia. Kwa mama mwenye mapacha nusura utufume. Ulikunywa haraka."

"Kwa nini, dada yangu? Nilikuja kuandika kwamba hamna moto."

"Wewe ulikuja kuandika. Sisi tulikuwa na mgeni." Akakanyaga cherehani, kisha akaiachia. "Ungekunywa nini, upepo?"

Nikamuuliza mtungi uko wapi. Akaonyesha kwa kidevu pembeni ya mlango. Ulikuwa umewekewa mto juu, umegeuzwa kigoda.

"Uliisha siku ileile," akasema. "Chai tisa si mchezo. Tangu hapo nami nimejiunga na wenzangu wa vumbi la mbao."

Miaka tisa tunatanguliza barua kwa sababu kwenye Muungano tulikubaliana kwamba kuvamia nyumba za watu si heshima. Na ni kweli si heshima. Nikaanza kuhesabu kichwani mitaa yote niliyoipita na chai zote nilizokunywa, nikaona bora niache, nisije nikakaa chini palepale nikalia mbele ya wateja wa watu.

Kwa mama mkubwa nilikuta anakohoa, mkono kifuani, mwingine unanikaribisha. Chumba chake nakijua kama kiganja changu: kitanda, kabati, meza, na viti vinne alivyochonga baba mkubwa enzi akiwa seremala pale kiwandani, miguu ya duara yenye pete tatu tatu. Siku hiyo viti vilikuwa viwili.

"Vingine viko wapi?"

"Vililegea," akasema. "Kaa, mwanangu. Umekonda."

Nikakaa, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka anakubali jibu lolote. Nikamweleza habari za mtungi wenye maua. Hakuona haya hata kidogo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwenyekiti anakuja mwenyewe Alhamisi," nikamwambia. Nilikuwa nimeshampigia simu njiani. Alikubali kuja, ila barua lazima itangulie, huo ndio utaratibu. "Mama, nakuomba. Msiazime mtungi popote. Aone jikoni palivyo."

"Unataka nimpokee mtu mzima kwa jiko la baridi?"

"Ndiyo."

"Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe."

Akanitazama, akashindwa kujizuia kutabasamu. "Haya. Mtungi hautaingia humu." Alikubali shingo upande, lakini alikubali, na neno lake halina mawili.

Alhamisi Bwana Asilimia alifika na shati jeupe na ubao wa kuandikia. Sijawahi kuwa na asubuhi ngumu kama ile. Fundi cherehani alisimama mlangoni pake mikono imefungwa kifuani, mdomo wake mwepesi wote umekwisha, akampa glasi ya maji bila kumtazama. Kwa mama mwenye mapacha, jiko lilikuwa limejaa majivu ya juzi, naye akawa anafuta sahani ambayo ilikuwa safi tayari. Nyumba kwa nyumba watu walisimama kama walioitwa polisi. Niliwaomba wenyewe wawe hivyo, nikaona aibu kwa niaba yao na kwa niaba yangu. Mwenyekiti aliuliza kwa upole, akaandika hapana, akashukuru. Hapana nane.

Tulipokaribia nyumba ya tisa niliona moshi unatoka dirishani, mwembamba, mweupe, wa kuni kavu.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni amejitanda khanga safi, amepaka mafuta, anakohoa kidogokidogo kwa adabu. Akamkaribisha mwenyekiti kwenye kiti. Chai ikaletwa kwenye vikombe vya kabatini, ya moto, yenye tangawizi. Mimi nilibaki nimeegemea ukuta. Nilikuwa na hasira naye.

Bwana Asilimia akanywa. Baada ya glasi nane za maji, uso wake ulilainika kabisa. "Chai nzuri sana, mama," akasema, na alimaanisha. Kisha akachukua kalamu, akaniambia kwa ile sauti yake ya chini: "Mtaa unarudi kwenye orodha. Nyumba nane zitapata. Hii, samahani dada, ina moto. Nimeukuta mwenyewe, na kuni zake si za kuokoteza, ni za kununua."

Nikaingia jikoni, nia yangu kuumwagia maji ule moto niuzime, ingawa nilijua haisaidii kitu. Nikachuchumaa mbele ya mafiga. Kati ya mawe matatu palikuwa na gogo la duara, lililonyooka vizuri, lenye pete tatu. Vanishi yake ilikuwa inachemka na kutoa mapovu.

"Mwenyekiti," nikaita. "Njoo uone kuni."

Akaja na kikombe mkononi. Akainama. Ilimchukua muda, maana si mtu wa mbao. Kisha akageuka, akakitazama kupitia mlangoni kile kiti alichotoka kukikalia, kikiwa peke yake katikati ya chumba. Akarudisha macho motoni. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka kikombe, asipate.

"Mama," akasema, "umechoma kiti?"

"Huyu alisema mtungi usiingie," mama mkubwa akajibu, akininyooshea kidevu. "Haukuingia."

"Na vingine?"

"Kimoja kilimalizia chai ya huyuhuyu, siku ile mtungi ulipotukatikia hapa maji hayajachemka. Kingine nilipikia zile siku za mvua, vumbi lilipolowa. Hiki ni chako wewe." Akasema bila kulalamika, kama anayeeleza njia. "Ningekuwashia vumbi la mbao ungetoka hapa unalia. Kunywa, baba, itapoa."

Akanywa. Alikunywa akiwa amesimama mle moshini, yote, hadi chini. Mimi nilikuwa nimeficha uso kwenye mtandio. Niliwaza jinsi nilivyokaa Jumatatu kwenye kimoja kati ya viti viwili, nikaambiwa vingine vililegea, nikaamini.

"Swali la sita," mwenyekiti akauliza taratibu, "liliandikwa na nani?"

"Mimi," nikasema.

Na ni mimi. Miaka minne iliyopita, kwenye kikao kilichoanza saa mbili asubuhi na kufika machweo, kila mtu anatazama saa, tulikuwa tumebakiza swali moja. Nikasema tuulize tu kama jiko linawaka. Wote wakaitikia upesi, tukaenda nyumbani.

Hakunilaumu. Aliweka ubao kwenye goti, akalikata swali la sita kwa mistari miwili, na pembeni ambapo fomu haina nafasi akaandika kwa herufi ndogo: anachoma viti. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiandika maneno mahali pa tarakimu. Akamshukuru mama mkubwa kwa mikono miwili, akamwambia nyumba yake imo, mtungi na jiko vitafika baada ya wiki sita, taratibu zikikamilika. Aliponiaga barazani alisema lazima turudie mitaa yote. Nikasema ndiyo. Nilijua ni miguu ya nani.

Nikarudi ndani. Mama mkubwa alikuwa amenimiminia chai iliyobaki. Hasira yote ilikuwa imenitoka, nimebaki na uchovu tu. Akanisukuma bega, akanikalisha kwenye kile kiti, yeye akakaa kitandani. Chai ilikuwa tamu, na kwa mbali ilikuwa na harufu ya vanishi.

"Mama," nikamwambia, "hiki usikichome. Nitakuletea mkaa kesho, na safari hii usiugawe."

"Mtakuja tena kukagua?"

"Lazima. Mtungi ukifika tunakuja kuangalia kama unafanya kazi."

Akapitisha kiganja kwenye mgongo wa kiti, pale ambapo randa ya baba mkubwa iliacha alama.

"Njooni tu," akasema. "Ila msilete barua. Nikijua mnakuja, nitakichoma."