Sifuri Nukta Saba Moja

Asubuhi hiyo ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda hadi madirishani, na wodi nzima ilionekana kama inaelea. Teta, mtaalamu wa lishe wa kliniki, alimfunika baba yake kichwa kwa kuba la plastiki angavu, akawasha mashine ya kupima pumzi.

Mzee Karenzi alikuwa amelazwa wiki mbili kwa ugonjwa wa mapafu. Homa ilikwisha, lakini alizidi kukonda.

"Anakula muzuri," alisema Cansilde, muuguzi wa zamu. "Kila siku sahani yake iko tupu."

Chini ya kuba, mzee alifumba macho akitabasamu, kana kwamba anasikiliza maongezi ya chumba cha pili.

Mashine iliponyamaza, Teta alishika kalamu. Kwa dakika moja baba yake alitumia mililita mia mbili za oksijeni, akatoa mia moja arobaini na mbili za kaboni dioksidi. Akagawanya iliyotoka kwa iliyoingia: 0.71.

Akarudia hesabu, jibu likawa lile lile. Mwili unaotumia wanga, kama wa viazi au uji, hutoa kaboni dioksidi sawa na oksijeni unayotumia, na jibu huwa moja. Ukitumia protini, hushuka hadi kama 0.8. Ukichoma mafuta, hufika 0.7. Na eti mzee alikuwa amemaliza bakuli la uji saa mbili tu zilizopita.

Teta alingoja Cansilde atoke, akaondoa kuba.

"Baba, huli."

"Nani kakuambia?"

"Pumzi yako. Unajichoma mwenyewe."

Mzee alielekeza kidole kwenye kitanda cha jirani. "Chakula nampa Sano, wa kitanda kile."

"Kwa nini?"

"Nikiwa na njaa, mama yako huja." Alisema polepole, bila aibu. "Nasinzia, naiona nyumba yetu ya Karagwe. Amekaa mkekani anachambua maharagwe. Nikishiba haji."

Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Teta alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake aliketi ukingoni mwa kitanda. Yeye mwenyewe hakuwa amemwota mama hata mara moja.

"Huvaa nini?"

"Kile kitenge cha kijani."

Teta alifuta macho, akaenda jikoni, akarudi na viazi na maharagwe.

"Nisimulie yote," alisema. "Ila kwa kila kijiko, maneno machache."

Mlo ule uliwachukua karibu hadi adhuhuri. Mzee alipotafuna, Teta aliuona mkeka, na vidole vya mama vikienda taratibu katikati ya punje.

Waliendelea hivyo siku tatu. Siku ya nne hesabu ya pumzi ilitoa 0.9, dalili kwamba mwili unatumia chakula tena.

"Jana hakuja," alisema mzee.

"Uliumia?"

"Niliumia. Lakini nililala."

Wiki iliyofuata aliruhusiwa. Alitembea hadi getini kwa miguu yake, akisimama kila baada ya hatua chache kutazama maji.