Hodi Kwenye Jani la Nyanya

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kuwa mlango wa jani la nyanya, katika shamba langu mwenyewe, huku Lushoto. Sikushangaa. Nyanya hizo ndizo tegemeo langu pekee msimu huu, na za shemeji yangu Singano, ng'ambo ya shamba, zimeshakwisha zote kwa ugonjwa wa ukungu.

Jirani yangu kazini ni chembe hai moja ya jani, mama mnene wa kijani aitwaye Bi Mahimbo. Ananipa sheria.

"Mtu akibisha, usimjibu. Papasa kwanza pindo la koti lake. Ukilitambua, piga kelele, ujifunge."

Nikaona watu wa jani hawana ustaarabu kabisa. Mgeni unampapasa koti?

Mara jani ni sebule yangu, na vitambaa vyangu vya kufuma vipo kwenye makochi. Nje kuna unyevu. Mtu anasema, "Hodi!"

"Karibu!" Mdomo umejibu wenyewe. Mimi nimelelewa, bwana.

Anaingia Ukungu, mpole, amevaa koti la mvua la kijivu. Anauliza habari za nyumbani, anaketi, anatoa mzizi mfukoni na kuuchomeka sakafuni. Sakafu inalia.

"Usihangaike kunipikia," anasema. "Nitakula nyumba."

Ndipo namshika pindo. Linaniunguza kidole. Lo! Nalitambua!

Napiga yowe. Chokaa inabubujika kutoka ukutani, inakimbia nyumba hadi nyumba, na kila chembe inayoguswa inapiga yowe lilelile, kwa sauti yangu.

Bi Mahimbo anafika na kiberiti. "Umemwambia karibu?"

"Nimemwambia."

"Haya, tunajichoma. Wewe, mimi na majirani wote wa hapa. Huyu hali maiti. Akikosa kilicho hai, atakufa njaa humu humu, na mche utapona."

"Majirani wana kosa gani? Aliyekaribisha ni mimi!"

"Hawana. Wamenuna, lakini wamekuja."

Kweli, wamejipanga mlangoni, wamenuna. Niliogopa, sikufichi. Nikamwambia nina watoto, nina shamba.

"Shamba lenyewe si ndilo hili?" akasema, akawasha kiberiti.

Ukungu akasimama. "Jamani, chakula kinaungua!"

Nikaamka nimelowa jasho. Kumekucha. Kwenye ncha ya kidole cha shahada kuna doa dogo la kahawia, kavu. Nikalidunga sindano, sikusikia kitu.

"Hodi, shemeji!"

Ni Singano. Kila asubuhi anatoka kung'oa miche yake iliyooza, anapiga hodi kule ng'ambo, akijibiwa anakatiza katikati ya nyanya zangu na umande wote ule, aje anywe chai. Mwezi mzima nimeona haya kumkataza, kaka wa mume wangu.

Mdomo ulishafunguka. Nikauziba kwa mkono, nikatoka nje.

"Vipi, shemeji? Leo hata karibu hakuna?"

"Hakuna," nikasema. "Zunguka njia ya juu. Na koti hilo liache huko huko."

"Koti limefanya nini?"

"Tazama pindo."

Akainama, akalinyanyua koti lake la mvua la kijivu. Pindoni palikuwa na alama ya kuungua, saizi ya ncha ya kidole.

"Ala!" akasema. "Na moto sijauwasha tangu juzi."